Kanisa Zima Kwenye Benchi la Nyuma

Tangu nilipostaafu, ninyi vijana mnaopokea kazi mmeniuliza maswali mengi, na karibu yote ni ya ofisini: nani alihamishiwa wapi, nani alimrithi nani, nani alipanda cheo na kwa nini. Hayo sitayaandika. Yamo kwenye makabati ya kanisa, na panya wa Garsen wameshayapitia zaidi kuliko mimi. Nitaandika kazi yenyewe nilivyoikuta nilipokuwa mchungaji mpya kwenye mto Tana, miaka ya hamsini, na hasa jambo moja ambalo mpaka leo nikilikumbuka kijiko hunisimama mkononi. Mke wangu husema mimi ni mtu wa kushtuka ovyo. Huenda ni kweli. Lakini jambo hili hata yeye lilimshtua, naye ni mwanamke aliyewahi kumfukuza kiboko shambani kwa kugonga sufuria.

Wakati ule kanisa lilikuwa linabadilisha mikono. Wamisionari wa kwanza, waliowafundisha baba zetu kusoma na kuimba, waliondolewa wakati wa vita. Wakaja wengine wenye taratibu nyingine, na hao nao walishaanza kusema kwamba siku si nyingi kanisa litakuwa la wenyeji. Kwa vitendo, maana yake ilikuwa wachungaji weusi wachache kugawanyiwa mto mzima. Kila kijiji kilikuwa na mwinjilisti wake, aliyehubiri, akafundisha watoto na kuzika wafu, lakini hakuruhusiwa kubatiza wala kutoa Meza ya Bwana. Hayo yalimngoja mchungaji. Mchungaji naye alingoja mtumbwi, na mtumbwi ulingoja mto utulie.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mchungaji Zakaria, mzee mfupi mwenye sauti kubwa, aliyenizungusha naye miezi yangu ya kwanza. Chuoni nilijifunza Kiyunani kidogo. Zakaria alinifundisha kuchemsha zabibu kavu. Divai haikuwepo na kanisa halikuitaka, kwa hiyo tulinunua zabibu kavu kwenye duka la Mwarabu pale Garsen, tukazichemsha na kuzikamua kwa kitambaa safi. "Usiiweke siku nyingi," aliniambia. "Itachacha, utawalewesha wazee, halafu itabidi tukutenge wewe." Mkate wa ngano uliota ukungu kabla ya kufika kijiji cha pili, basi tulibeba unga na kupika chapati tukifika. Chapati ya Meza isiwe na mafuta mengi, alisema, la sivyo wazee watachafua mashati yao ya Jumapili na kinamama watakulaumu wewe, si wao. Joho langu nililiweka ndani ya debe lenye kifuniko kwa sababu ya mchwa. Kwenye mtumbwi alinikalisha katikati na kunikataza kusimama, hata nikiona watu wa kuwapungia mkono ukingoni.

Jambo lingine alilonifundisha lilihusu tangazo. Ninyi hamkulikuta, kwa hiyo lazima nilieleze. Kabla ya Meza ya Bwana mwinjilisti alisimama mbele na kusema kwa sauti: "Asiyebatizwa, meza hii si yake. Aliyetengwa, meza hii si yake. Atoke nje kwa amani." Kutengwa ilikuwa adhabu ya kanisa. Aliyeoa mke wa pili, aliyenaswa akinywa tembo, aliyekwenda kwa mganga, alihamishiwa benchi la nyuma, na siku ya Meza alitoka nje pamoja na wasiobatizwa, mpaka mchungaji amrudishe. "Tangazo usilitoe wewe," Zakaria alisema. "Mwachie mwinjilisti. Yeye ndiye anayewajua." Nililipokea kama nilivyopokea habari ya zabibu.

Zakaria alipoona naweza kusimama mwenyewe, nilipewa vijiji vya chini ya Garsen. Kijiji ninachotaka kukisimulia sitakitaja. Ukishapita Idsowe na kabla hujafika Kilelengwani, kiko huko, na wenyewe wakisoma watajijua. Hakikuwa kimefikiwa na mchungaji tangu mafuriko makubwa, miaka kadhaa nyuma. Mchungaji mmoja aliugua, mwingine akahamishwa, halafu mto ukahama njia yake kama kawaida yake na kila mtu akadhani mwenzake amekwenda.

Nilifika Jumamosi. Mwinjilisti wao, Mzee Yona, alinipokea kwenye gati la matope. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, shati limepigwa pasi na kufungwa vifungo mpaka shingoni katika joto lile. Alinipeleka kanisani, jengo jipya la udongo na makuti juu ya kilima kidogo. Mabenchi yalikuwa safi. Mbele palikuwa na meza pana ya mbao za mkuyu, imefunikwa kitambaa cheupe kilichotariziwa. Nikamsifu. Akasema, "Asante, Mchungaji," akaangalia pembeni.

Asubuhi yake rimu ya gurudumu la lori, iliyokuwa kengele yao, ikagongwa, na watu wakaja wengi kiasi kwamba nilianza kujisifu moyoni. Kisha nikaona mabenchi ya mbele ni matupu. Watu wote walikuwa wamebanana nyuma, wengine wamesimama ukutani, wengine wanachungulia madirishani. Nikadhani ni haya ya kumwona mgeni. Nikawaashiria wasogee. Hakuna aliyesogea. Nikahubiri nikiyatazama mabenchi matupu, sauti ikinirudia mwenyewe.

Ukafika wakati wa tangazo. Nikamtazama Mzee Yona. Yeye hakutangaza lolote. Alichukua kofia yake chini ya benchi, akatoka nje. Mkewe akamfuata. Wakafuata wazee, wakafuata kinamama na watoto mgongoni, kwa utaratibu, bila kusukumana, mpaka wa mwisho. Nikabaki mimi, kikombe, chapati, na kuku mmoja aliyeingia kuona kama kumebaki kitu.

Sijui nilisimama pale muda gani. Nakumbuka nilifikiri labda nimesema kitu kibaya kwenye mahubiri, na nikaanza kuyapitia kichwani sentensi kwa sentensi. Nilipotoka niliwakuta wamekaa kivulini, watulivu, kama watu wanaongoja mvua ipite.

"Mzee Yona, kuna nini?"

"Tumetengwa, Mchungaji."

"Nani amewatenga? Hamjaona mchungaji tangu mafuriko."

"Tumejitenga wenyewe."

"Wote?"

"Wote tuliobatizwa," alisema. "Wengine wanatoka kwa sababu hawakubatizwa."

Macho yakanitoka. Nimewahi kuona watu wakikataa kutengwa, wakitishia kuhamia dhehebu jingine, wakimletea mchungaji mbuzi ili asahau. Watu waliojihukumu kijiji kizima na kutii hukumu yao miaka yote hiyo bila askari wala mchungaji, sikuwa nimewaona, wala sijawaona tena. Nikauliza sababu. Mzee Yona akasema, "Wakati wa mafuriko tuliitumia meza vibaya." Zaidi ya hapo hakusema.

Mchana ule wazee wengine walinisimulia sehemu iliyosimulika. Maji yalikuja kwa ghafla yakachukua mitumbwi. Watu wakakimbilia kilima cha kanisa la zamani, nako maji yakapanda. Kulikuwa na mwanamke, Rahabu, aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa. Meza ya Bwana, ile ile niliyoiona kanisani, ilikuwa ya mkuyu, mti ule ule wa kuchongea mitumbwi, kwa hiyo ilielea. Wakaigeuza miguu juu, wakamlaza Rahabu ndani yake pamoja na watoto wadogo, na watu wazima wakaogelea wakiisukuma mpaka nchi kavu. Mtoto alizaliwa humo humo, katikati ya maji. Alikuwa msichana, na sasa alikuwa mkubwa wa kuchunga mbuzi. Hakubatizwa, kwa hiyo hakuwa na jina la kanisani. Watu walimwita Meza.

Nilishtuka, kisha nikafurahi, nusura nicheke. Kumbe ni hilo tu. Niliona kazi yangu imerahisishwa. Kesho yake nikaitisha ibada, na nikawahubiri jinsi Daudi alivyokula mikate mitakatifu alipokuwa na njaa, na jinsi sabato ilivyofanywa kwa ajili ya mwanadamu. Nilisema meza iliyookoa mama na mtoto imetumika vizuri kuliko meza nyingine yoyote kwenye mto huu. Ilikuwa hotuba nzuri, naweza kusema hivyo kwa kuwa haikunisaidia kitu. Nilipomaliza nikatangaza kwamba nawarudisha wote, waje mbele.

Walinitazama kwa huruma. Sikuielewa huruma ile.

Jioni nilikwenda kwa Rahabu. Nilikuwa na hakika kwamba nikimbatiza mtoto wake kwanza, wengine watalegea. Nilimkuta uani anapepeta mpunga. Alinipa kigoda, akaniuliza habari za nyumbani kwangu, akaendelea kupepeta. Nikamwambia nataka kumbatiza msichana wake Jumapili.

"Nataka sana, Mchungaji," alisema. "Nimetaka tangu alipozaliwa. Lakini si kabla ya kumwambia Barisa."

"Barisa ni nani?"

Aliweka ungo chini. "Mahubiri yako yalikuwa mazuri. Lakini hukutuuliza. Sisi hatukujitenga kwa sababu nilizaa juu ya meza."

Nitaandika alichoniambia kama alivyoniambia.

Barisa alikuwa Muorma, mfugaji, Mwislamu, aliyenywesha ng'ombe wake kwenye mto karibu na kijiji kila kiangazi, kama baba yake alivyofanya. Mkewe aliitwa Hawo. Hawo ndiye aliyewauzia maziwa. Alikuja karibu kila siku na vibuyu vyake, na aliyekosa pesa alimpimia hivyo hivyo akasema atalipwa mavuno yakija. Siku za Meza ya Bwana alikaa nje, penye kivuli cha paa la kanisa, akingoja watu watoke wanunue. Watoto wengi wa kijiji kile walikua kwa maziwa yake. Siku maji yalipokuja alikuwa kijijini, na Barisa alikuwa mbali akichunga ng'ombe.

"Tulikuwa katikati ya maji," Rahabu alisema. "Hawo alitokea sijui upande gani, akashika ubao pale miguuni pangu. Hakujua kuogelea. Meza ikalala upande kidogo, watoto wakalia. Mzee Yona ndiye aliyekuwa anasukuma upande ule. Akamtazama, akasema, 'Asiyebatizwa, meza hii si yake.'"

Nikamwomba arudie.

"Alisema vile vile kama Jumapili, Mchungaji. Sauti ile ile. Si kwa ubaya. Nilimwona uso, alikuwa mtu aliyechanganyikiwa kwa hofu. Mdomo umeyazoea yale maneno, ubao umelala, mtu asiyebatizwa ameshika meza, yakatoka. Nadhani hata yeye aliyasikia yakiwa yameshatoka."

"Na Hawo?"

"Hawo aliyajua yale maneno. Ameyasikia miaka mingi akiwa nje. Alisema, 'Haya.' Akaachia."

Rahabu aliendelea, sasa kwa haraka, kama mtu anayetaka kuumaliza mzigo. "Tulikuwa watu wazima wengi pale. Meza ingembeba, alikuwa mwembamba. Hakuna aliyesema mshikeni. Mimi nilikuwa na uchungu, ndiyo, lakini mdomo nilikuwa nao. Nilinyamaza kwa sababu ni mwinjilisti aliyesema."

Maji yalipopungua, Barisa alikuja akimtafuta mkewe. Mzee Yona alitaka kumwambia siku hiyo hiyo. Wazee wa kijiji wakamzuia. Walisema wafugaji wakisikia, kutamwagika damu pande zote mbili, na mashamba yatalishwa ng'ombe usiku na mchana. Hofu yao haikuwa ya bure. Basi Barisa akaambiwa ni maji. Yona alitembea naye siku nyingi kando ya mto wakitafuta mwili, na hawakuupata. Tangu hapo kila kiangazi Barisa alimletea Yona samli ya kumshukuru, na Yona aliipokea, akawagawia majirani, asionje.

"Tungesema, tungeuana," Rahabu alisema. "Hatukusema, tukaona hatuwezi kula."

Usingizi haukunijia, na si kwa mbu. Niliyafikiria yale maneno. Hayakuwa aya ya Biblia. Mtu fulani aliyatunga ili ibada iende kwa utaratibu, wengine tukayapokea, tukawafundisha wainjilisti wayakariri, na tukawasifu walioyasema bila kusita. Mzee Yona alikuwa mwanafunzi bora tuliyekuwa naye. Hilo ndilo lililonitisha. Kanuni za kanisa nilizokuwa nazo zilikuwa na sura ya ulevi, sura ya ndoa, hata sura ya mazishi ya mtu aliyetengwa. Hapakuwa na mahali pa kutafuta neno la jambo hili.

Asubuhi nilimwita Yona tukakaa kanisani. Nikamuuliza anataka nini.

"Kusema," alijibu.

Wazee walipinga. Mmoja aliniambia kwa heshima kwamba mimi nitapanda mtumbwi wangu niondoke, na wao ndio watakaobaki na mikuki ya watu mlangoni. Alikuwa na haki kabisa ya kusema hivyo. Mwishowe Rahabu, aliyekuwa amesimama mlangoni bila kualikwa, alisema kwamba kama wanaume wanaogopa yeye atakwenda na Mzee Yona peke yao, kwani mtoto aliyepewa nafasi ile mezani ni wake. Basi nikaenda nao. Yona aliwaaga watoto wake kwa kirefu, akavaa shati lake la Jumapili.

Tulivuka mto, tukatembea nyika mpaka kambi ya Barisa. Alikuwa mtu mrefu, ndevu zimeanza kuwa nyeupe. Alipomwona Yona uso ulimfunguka, akampokea kwa mikono miwili. Tulitandikiwa mkeka, tukaletewa chai ya maziwa. Wanawe wawili, vijana wenye nguvu, walikaa karibu na fimbo zao. Yona hakugusa kikombe.

"Kunywa, mzee," Barisa alisema.

"Nikimaliza kusema, ndipo uamue kama ninywe."

Akasema yote. Hakusema maji yalikuwa makali, hakusema alikuwa na hofu, hakuwataja wenzake waliokuwepo. Alipofika kwenye yale maneno aliyatamka yalivyo. Mmoja wa wale vijana alisimama. Barisa akamwekea mkono mguuni, kijana akabaki amesimama hivyo hivyo, na mimi nilikuwa naitazama fimbo yake tu. Ng'ombe walikuwa wanarudi na vumbi limejaa kila mahali, na hakuna aliyekohoa.

"Hawo ilisema nini?" Barisa akauliza.

"Alisema, haya."

Barisa aliinamisha kichwa. "Ndiyo," akasema. "Hiyo ni Hawo."

Akanigeukia mimi. "Mchungaji. Hiyo maneno, nani ametoa?"

"Ni maneno ya kanisa."

"Ya kanisa. Na wewe unasema hiyo?"

"Husema mwinjilisti," nikajibu. "Mimi humwachia yeye."

"Wewe unamwachia yeye," alisema, polepole, kama anayerudia bei aliyotajiwa sokoni. Nimehojiwa na mabaraza, nimehojiwa na madaktari wa teolojia waliotoka ng'ambo, na hakuna swali lililowahi kuniweka pabaya kama lile.

Kisha akauliza siku gani tunakula chakula chetu kile cha kanisani. Nikamwambia, Jumapili. "Rudini," akasema. "Mimi nitakuja." Hakutuaga. Chai ilibaki pale imepoa.

Siku zile zilizobaki kijiji hakikulala vizuri. Watu wengine walipeleka watoto kwa ndugu zao Kilelengwani. Vijana walinoa mikuki. Mzee Yona, ambaye sikuwa nimemsikia akipandisha sauti, aliwaambia kwamba atakayekuja kanisani na mkuki atamkuta yeye mbele ya mkuki huo. Mimi nilipika chapati. Niliunguza za kwanza, nikapika tena. Kuna watu wanaosema wachungaji wa zamani walikuwa na imani kubwa. Mimi nilikuwa nimepanga vitu vyangu karibu na mtumbwi.

Jumapili walikuja wote, wakabanana nyuma kama kawaida. Nilihubiri, na hata fungu nililosoma silikumbuki. Wakati ulipofika Yona alichukua kofia yake akatoka, na wote wakamfuata. Nilikuwa nimebaki peke yangu ndani nilipowasikia huko nje wakinyamaza ghafla.

Barisa alikuja peke yake. Alipita katikati yao, akavua viatu mlangoni, akaegemeza fimbo yake ukutani, akaingia. Alitembea mpaka mbele.

"Ni hii?"

"Ni hii."

Aliizunguka ile meza mara moja, taratibu, bila kuigusa. Nilitaka kusema neno la faraja na nikashukuru kwamba halikutoka. Kisha akaelekeza kidevu mlangoni. "Hiyo watu iko nje, wanafanya nini?"

"Wamejitenga. Wanasema hawastahili kula."

"Tangu lini?"

"Tangu maji yale."

Hilo hakulijua. Nilimwona likimwingia. Alinitazama kuhakikisha kama namdanganya, akatazama mabenchi ya mbele, ambayo mbao zake zilikuwa bado mpya kwa kukosa kukaliwa, akatazama yale ya nyuma.

"Wote? Hata wazee?"

"Wengine wamekufa bila kurudi."

"Na wewe ni mkubwa ya hapa. Waite."

"Niliwaita," nikasema. "Hawakuja."

Halafu akarudi mlangoni, akasimama kizingitini, peku, mgongo wake kwangu. Nilijua nje kuna watu wengi wanaomtazama na kwamba lolote atakalosema sasa, mto huu utaliishi miaka mingi. Mikono yangu ilikuwa imeshika ukingo wa meza na sikukumbuka niliishika saa ngapi.

"Ingieni ndani," Barisa aliwaambia. "Hawo hakuwa mtu ya kunyima watu chakula."

Hakuna aliyetikisika. Akarudia, kwa ukali kidogo, kama mtu anayeita watu ambao chakula kinawapolea. "Ingieni."

Rahabu aliingia wa kwanza, amemshika mkono msichana wake, akapita benchi la nyuma, akapita la katikati, akaja kukaa mbele kabisa. Wakafuata wawili watatu, kisha mlango ukajaa. Watu wazima walikuwa wanalia bila kujificha, hata yule mzee aliyeniambia habari ya mikuki. Nilimbatiza mtoto kwanza. Mama yake alisema aitwe Hawo. Jina hilo halikuwa la Kikristo, na kanuni ilitaka jina la Kikristo, na mimi nilimwaga maji na kumwita Hawo kwa sauti ambayo ilisikika mpaka nje.

Nikafika mahali pa tangazo. Hapakuwa na wa kulitoa, nikaliruka. Sijaliruhusu tena katika kanisa lolote nililolihudumia, na waliponiuliza makao makuu nilisema wainjilisti wangu wamelisahau.

Niligawa chapati na kikombe, nikihesabu nyuso kwa macho, na uso mmoja sikuuona. Nikachukua sahani nikatoka. Mzee Yona alikuwa amekaa kwenye gogo, juani, kofia magotini. Barisa alikuwa amekaa naye, bega kwa bega, hawasemezani. Nikamsogezea Yona sahani. Akatikisa kichwa. Nikamwambia amesamehewa. Akatikisa kichwa tena, machozi yakimdondokea shatini. Nikafungua mdomo nimhubirie, na Barisa akainua mkono kunizuia.

"Huyu bado," alisema. "Wewe rudi kwa watu yako. Mimi nakaa na yeye."